Daftari la Gari la Baba



Apitaye mbele ya lango letu Jumamosi asubuhi, hapa Lubumbashi, hunikuta mara nyingi nimelala chini ya gari, miguu ikiwa nje na mikono ikiwa myeusi kwa oili. Wengi hunisalimu na kuendelea na safari yao. Wachache husimama na kuuliza: “Yaya, gari hili limekupita umri. Kwa nini usiliuze?” Na baadhi yenu, mnaopenda magari kama nilivyoyapenda mimi katika umri wenu, mmeniuliza swali jingine, gumu kuliko hilo: “Mtu akipata gari kuukuu la kifahari kama hili, aanzie wapi kuliboresha?”

Swali hilo nililijibu vibaya miaka kumi iliyopita. Nililijibu kwa fedha zangu na kwa mikono yangu, na jibu langu lilimvunja mkono mdogo wangu wa kike. Kwa hiyo niwieni radhi ikiwa leo sitawajibu kwa sentensi moja.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 240 D lililotoka kiwandani mwaka 1979. Mafundi huutambua ukoo wake kwa namba ya kiwanda, W123. Magari ya ukoo huo yalianza kuuzwa mwaka 1976, na yalipokoma kutengenezwa katikati ya miaka ya 1980 yalikuwa yamefikia karibu milioni 2.7. Injini ya gari letu ina silinda nne, hunywa dizeli, yaani mazutu kama tusemavyo hapa kwetu, na nguvu yake ni ya farasi 72 tu. Haina kompyuta. Kila kitu ndani yake ni chuma kinachosukuma chuma, na mtu mwenye subira, spana na taa anaweza kukifuata kwa macho tangu mwanzo hadi mwisho. Si gari la mbio. Lakini mlango wake hufungwa kwa sauti nzito ya kabati la mbao ngumu, na abiria akishakaa nyuma husahau kwamba barabara ina mashimo.

Baba alilinunua mwaka 1989 kwa daktari mmoja Mbelgiji aliyekuwa akirudi kwao. Alikuwa mhasibu, na alilipa kwa akiba ya miaka tisa. Mama alisema fedha hizo zingejenga vyumba viwili, na kwa hesabu hakukosea. Siku ileile Baba alinunua daftari lenye jalada gumu, akalipiga mistari ya safu nne: tarehe, kilometa, kazi iliyofanyika, fedha. Tangu siku hiyo hakuna tone la oili lililoingia katika gari lile bila kuandikwa. Daftari lilikaa katika kisanduku cha mbele, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Kila Jumamosi alinishikisha tochi. Mtoto wa miaka minane hapendi kushika tochi. Hupenda kushika usukani. Mkono ulinichoka, mwanga ukayumba, naye akasema bila hasira: “Mwanangu, nipe mwanga.” Nilijifunza mengi bila kutaka. Kwa mfano, nilijifunza habari za vali. Katika injini hii, kati ya vali na kile kinachoisukuma pana nafasi ndogo ambayo hupimwa kwa vibamba vyembamba vya chuma, injini ikiwa baridi: milimita 0.10 kwa vali za kuingizia hewa, milimita 0.30 kwa vali za kutolea moshi. Kadiri gari linavyotembea, vali huzama kidogo kidogo katika kiti chake, na nafasi ile hupungua. Vali iliyolegea hugonga, na dereva huisikia. Vali iliyobanwa huwa kimya kabisa. Lakini haifungi sawasawa, moto hupenya pembeni mwake, na mwisho huungua. Hapo Baba aliniambia maneno ambayo sikuyaelewa mpaka nilipokuwa mtu mzima: “Usiogope vali inayopiga kelele. Iogope iliyonyamaza.”

Mwishoni mwa mwaka 2014 Baba alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia wa mwili wake ulilegea, na maneno yake yakawa ya kuhesabika. Ufunguo wa gari ukaja kwangu, pamoja na daftari. Katika ukurasa wa mwisho, chini ya mistari mingine, alikuwa ameandika kwa mkono wake: “Km 411,860. Mipira ya breki yote minne, pamoja na mafuta ya breki: kubadilisha kabla ya kiangazi.”

Ingekuwa rahisi kuwaambia kwamba sikuuona mstari huo. Niliuona. Niliusoma zaidi ya mara moja. Nilikwenda hata kuuliza bei, nikaambiwa dola 90 kwa kazi yote. Na wakati huo nilikuwa na dola 500 mkononi, kwa sababu nilikuwa nimeanza kulikodisha gari kwa misafara ya arusi. Kila Jumamosi tulizunguka mjini na maharusi, taa zikiwaka, honi zikilia, na watu waligeuka kututazama. Nikaanza kuliona gari kwa macho ya wale waliokuwa wakitutazama. Magurudumu yake yalionekana ya kizee. Redio yake ilikuwa ya enzi ya kaseti. Nikanunua rimu nne za kung'aa kwa dola 350, na redio mpya yenye spika kubwa kwa dola 120. Zilibaki 30, nikanunua dawa ya kung'arishia rangi. Nilijiambia kwamba breki zilikuwa bado zinashika, na kwa kweli zilikuwa zinashika. Breki zilikuwa kimya.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, mwaka 2015, tuliondoka alfajiri kwenda Likasi kwenye ndoa ya binamu yetu. Ni safari ya kilometa kama 120. Tulikuwa watu saba ndani ya gari la watu watano. Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka 11, alikaa katikati ya kiti cha nyuma, juu ya mapaja ya shangazi. Redio ilikuwa juu. Karibu na Likasi nchi huanza kuwa ya vilima, nami, badala ya kuteremka kwa gia ndogo kama Baba alivyonifundisha, niliteremka kwa gia kubwa huku nikikanyaga breki mteremko mzima.

Kanyagio lilianza kuwa laini. Nikalikanyaga tena, likashuka zaidi. Mara ya tatu lilizama mpaka sakafuni, kama mguu unaoingia matopeni. Niliirudisha gia hadi ya pili, injini ikalia, mwendo ukapungua lakini haukutosha. Nikakanyaga breki ya kuegeshea, ambayo katika gari hili iko sakafuni upande wa kushoto. Magurudumu ya nyuma yakakaza na gari likaanza kwenda upande. Mbele yetu wanaume wawili walikuwa wakisukuma baiskeli zilizojaa magunia ya makala. Upande wa kushoto lori la madini lilikuwa likipanda. Upande wa kulia palikuwa na majani marefu na kichuguu kikubwa, kimoja cha vile vichuguu vya Katanga vinavyozidi urefu wa mtu. Nikageuza usukani kuelekea kichuguu.

Tulipona sote. Shangazi alipasuka mdomo, mimi nilichubuka kifua, wengine walipata michubuko. Mdogo wangu alivunjika mkono wa kushoto kwenye kiwiko. Waliokuwa wa kwanza kufungua mlango ni wale wasukumaji wawili wa makala. Walikuwa wamelaza baiskeli zao barabarani na kukimbia. Mmoja alivua shati lake, akalipasua, akaufunga mkono wa mtoto kwa utaratibu, huku akimwambia maneno ya kumtuliza. Dakika moja kabla ya hapo nilikuwa nikiwajia kwa nyuma, na wao hawakujua. Redio ilikuwa bado inaimba. Nilishindwa kuizima kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka. Ni yule mtu mwingine aliyeuinamia usukani, akauzungusha ufunguo, kukawa kimya.

Nilirudi nyumbani usiku, nikamkuta Baba amekaa kitini akiningoja. Mama alikuwa amekwisha kumwambia. Nilitazamia hasira, na nadhani hasira ingenipunguzia mzigo. Yeye aliomba daftari. Nilipompa, hakulipokea. Akasema: “Andika.” Nikamwuliza: “Baba, niandike nini?” Akajibu: “Yote.” Nikakaa chini karibu na miguu yake, nikaandika tarehe, kisha kilometa 414,207, kisha katika safu ya kazi: “Breki hazikushika. Mipira na mafuta havikubadilishwa. Mtoto amevunjika mkono.” Nilipofika kwenye safu ya fedha kalamu ilisimama, nami nikamtazama. Akasema: “Acha wazi.” Safu hiyo i wazi mpaka leo.

Gari lilivutwa hadi Katuba, kwa fundi mzee aliyelijua tangu siku za Baba. Mzee yule hakunikemea. Alifungua mpira mmoja wa breki, akauweka juu ya meza na kuniuliza kama naona kasoro. Sikuona, kwa nje ulikuwa mweusi na mzima. Akaukata kwa kisu. Ndani ulikuwa umevimba hadi tundu lake kukaribia kuzibika. Kisha akamimina mafuta ya breki ndani ya glasi. Mafuta mapya huwa karibu na rangi ya maji. Yale yalikuwa na rangi ya chai iliyochemshwa mara mbili.

Akanieleza jambo ambalo kila mwenye gari anapaswa kulijua. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, polepole, hata kama gari limelala. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili, yawe yametumika au hayakutumika. Breki zinapokanyagwa mfululizo katika mteremko hupata joto kali, na maji yaliyojificha ndani ya mafuta huchemka na kuwa mvuke. Mafuta hayabonyei, kwa hiyo hupeleka nguvu ya mguu hadi kwenye magurudumu. Mvuke hubonyea. Unakanyaga, mguu wako unaubonyeza mvuke, na magurudumu hayapati habari. Dakika 20 baadaye kila kitu kikipoa, kanyagio hurudi kuwa gumu, na mtu asiyejua huapa kwamba breki ni nzima.

“Tangu lini hayakubadilishwa?” akaniuliza. Nikafungua daftari. Miaka minne. Hata Baba, katika mwaka wake wa mwisho wa afya, alikuwa amechelewa, na ndiyo maana aliandika.

Niliuza zile rimu kwa nusu ya bei, na redio kwa chini ya hapo. Fedha hizo zilinunua mipira minne ya breki, mafuta mapya, na kulipia kazi ya kunyosha pua ya gari. Gharama za hospitali alizitoa Mama katika mtaji wake wa vitenge, na ilimchukua mwaka mzima kuurudisha.

Tulipokuwa tukilikusanya gari upya, mzee yule alinipa utaratibu ambao ndio jibu la swali lenu. Alihesabu kwa vidole: “Kwanza lisimame. Pili ligeuke. Tatu lione na lionekane. Nne liende. Mwisho kabisa, lipendeze.” Breki kwanza. Kisha usukani na viungio vya magurudumu ya mbele, pamoja na matairi. Kisha taa na vifuta mvua. Kisha injini. Rangi, rimu na redio hukaa mwisho wa mstari, navyo si dhambi. Kosa langu lilikuwa kuugeuza mstari: nilianza mwishoni, na fedha zikaisha kabla sijafika mwanzo.

Baadaye nilisoma habari za Bertha Benz, mke wa Carl Benz aliyeunda gari mojawapo la kwanza duniani. Mwezi wa nane mwaka 1888 mama huyo alilichukua gari la mumewe bila kumwambia, akapanda na wanawe wawili, akasafiri kutoka Mannheim hadi Pforzheim huko Ujerumani, zaidi ya kilometa 100, karibu sawa na kwenda Likasi. Hakuna aliyekuwa amesafiri umbali kama huo kwa gari la injini ya mafuta. Mafuta aliyanunua katika duka la dawa. Bomba la mafuta lilipoziba, alilizibua kwa pini ya kofia yake. Na breki zilipochakaa katika miteremko, alisimama kwa fundi wa viatu, akamwomba azipigilie ngozi. Hiyo ndiyo iliyozaa wazo la kuzivisha breki ngao ya kulika badala yake, na ngao za breki tunazozinunua leo ni wajukuu wa ngozi ile. Aliporudi alimweleza mumewe kwamba gari linahitaji gia moja zaidi kwa ajili ya vilima. Tazameni basi: maboresho hayo yalitoka kwa mama aliyekuwa njiani na watoto wake, aliyekuwa amejua kwa mwili wake gari lilipungukiwa wapi.

Hapo nikaanza kutofautisha mambo mawili niliyokuwa nikiyachanganya. Kupamba huanza na swali: “Wanaotazama watasemaje?” Kuboresha huanza na swali: “Ninaowabeba wanahitaji nini?” Na swali hilo la pili huwezi kulijibu usipolitunza gari kwanza, kwa sababu ni katika kulitunza ndipo unapolijua.

Nitawapa mifano miwili ya maboresho niliyoyafanya tangu wakati ule. Injini ya dizeli haina cheche. Ili iwake asubuhi ya baridi, kila silinda ina plagi ya kuipasha moto, ambayo mafundi wetu huiita bujia. Katika magari ya mwaka wa gari letu, plagi zote nne zilifungwa katika mstari mmoja wa umeme: mkondo ulipita katika ya kwanza ili kuifikia ya pili, na hivyo hivyo hadi ya nne. Moja ikiungua, zote nne hubaki baridi. Alfajiri za Juni na Julai, tunapovaa makoti hapa Lubumbashi, nimewahi kuhangaika na gari hadi jua lilipopanda kwa ajili ya plagi moja, tena bila kujua ni ipi. Baadaye kiwanda chenyewe kiliuacha mpango huo, kikaweka plagi ambazo kila moja hupata umeme kwa waya wake. Mzee wa Katuba alinibadilishia. Siku hizi moja ikifa, tatu huendelea kupasha moto, injini hutetemeka kidogo kisha huwaka, na mtikisiko ule hunijulisha kwamba kuna mgonjwa wa kutafutwa. Asiyefungua boneti hawezi kuona kilichobadilika. Ni fedha nilizozitumia vizuri kuliko zote.

Mfano wa pili ni mikanda. Kiti cha nyuma cha gari letu hakikuwa na mikanda ya usalama. Fundi alipokiinua kiti, tulikuta matundu ya bolti za kufungia mikanda yamekwisha kutengenezwa na kiwanda, yamezibwa kwa vifuniko vidogo, yakingoja. Tangu mwaka 1979 yalikuwa yakingoja. Tulikuwa tumewakalia wageni, maharusi na watoto juu ya matundu hayo bila kujua kwamba ulinzi wao ulikuwa umeandaliwa nafasi. Sasa mikanda ipo, nami sibebi tena watu saba, hata wakinung'unika.

Sitaki niwadanganye kwamba kila gari kuukuu linastahili kuokolewa. Kutu ikila nguzo za chini na sehemu zinazobeba magurudumu, rangi mpya juu yake ni uongo, na kulibeba gari hilo watu ni hatari. Tena gari kuukuu hudai muda: asiye na Jumamosi za kulipa, afadhali asilinunue. Na msiwasikilize wanaosema kwamba magari ya zamani hayafi. Huko Thessaloniki, Ugiriki, dereva mmoja wa teksi alilitembeza 240 D la mwaka 1976, la ukoo uliotangulia ule wa gari letu, kilometa milioni 4.6, na sasa gari hilo limehifadhiwa na makumbusho ya kampuni iliyolitengeneza. Watu husimulia habari hiyo wakisifu chuma. Lakini katika safari hiyo ndefu injini zilibadilishwa mara nyingi. Gari hilo lilifika mbali kwa sababu palikuwa na mtu aliyejua kwamba chuma huchoka, naye hakungoja kimwambie.

Nanyi mnajua kwamba siwaandikii habari za magari peke yake. Mwaka juzi, katika kikundi kimoja cha vijana ambacho sitakitaja, mchango wa spika mpya ulijaa kwa majuma mawili. Mchango wa oili na filta za jenereta ulizungushwa kwa miezi mitano, na kila mmoja alisema jenereta bado inawaka. Ilipozimika katikati ya sherehe, spika zile mpya zilikaa mbele ya watu zikiwa bubu. Sikuwacheka, kwa sababu nilizikumbuka rimu zangu. Katika kikundi, kama katika injini, anayegonga na kulalamika husikika na kuhudumiwa. Yule aliyenyamaza, anayepanga viti kabla ya wote kufika na kuvirudisha wote wakiisha kwenda, hatuendi kumpima nafasi yake, hadi siku anapoungua.

Baba alifariki mwaka 2018. Daftari la kwanza lilijaa mwaka uliofuata, nasi tukaanza la pili, kwa safu zilezile nne. Wakati mwingine hulifungua la kwanza na kusoma mistari yake kama mtu asomaye barua: “Oili na filta.” “Vali zimepimwa.” “Taa ya nyuma kushoto.” Hakuandika popote kwamba alitupenda. Aliandika kila mara alipohakikisha kwamba tutafika.

Mdogo wangu sasa ana miaka 21. Mkono wake wa kushoto haunyooki kabisa. Akipokea kikombe, kiwiko hubaki kimepinda kidogo. Kila mwaka, kabla ya kiangazi, tunabadilisha mafuta ya breki pamoja, kwa maana kazi ya kutoa hewa katika breki haifanywi na mtu mmoja. Mmoja hukaa kwenye usukani na kukanyaga, mwingine hulala chini na kufungua skrubu ndogo kwenye gurudumu, kuanzia lile lililo mbali zaidi. Mwaka wa kwanza nilimwomba Mama akanyage, kwa sababu nilikuwa sina uso wa kumwita mtoto. Yeye mwenyewe alikuja, akapanda, akaketi mahali pa dereva, akaniuliza: “Yaya, niseme nini?”

Tangu hapo ni hivyo. Mimi nipo chini, sioni uso wake, nasikia sauti yake tu. Nasema: “Kanyaga.” Anasema: “Nimekanyaga.” Nasema: “Shikilia.” Nafungua skrubu, mapovu yanatoka, kisha mafuta safi. Nafunga. Nasema: “Achia.” Tunazunguka magurudumu manne. Kazi ikiisha, yeye ndiye anayeandika katika daftari, na kabla ya kuandika hukanyaga kanyagio mara moja zaidi, kwa nguvu, peke yake, kuhakikisha kwamba ni gumu.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika kikundi chetu, ni kazi gani hatuisikii wala kuiona mpaka siku inapokosekana? Nani anaifanya sasa, na nani amemuuliza hali yake mwezi huu?

2. Mwandishi aliusoma mstari wa baba yake na kuuahirisha. Ni mstari gani ambao sisi tumekwisha kuusoma, na bado tunauahirisha?

3. Tukipata fedha kesho, tutaanzia wapi: kwa macho ya wanaotutazama, au kwa haja ya wale tunaowabeba?